Deni Kabla ya Urithi

Katika lugha yetu neno urithi ni neno zito. Halitamkwi bila ya kumfikiria aliyekufa, wala halitimizwi bila ya kuwafikiria walio hai. Siku hizi neno hili limepewa kazi nyingine. Ngome za kale, reli za zamani, mizinga iliyokwisha kunyamaza na stesheni zilizochakaa, vyote huitwa urithi wa taifa, na watu hualikwa kwenda kuvitazama. Wanafunzi huenda kwa makundi, wageni huenda na kamera zao, na wenyeji hupita karibu navyo kila siku pasipo kugeuza shingo. Si vibaya. Lakini maadamu tumechagua neno urithi, wala hatukuchagua neno pambo au neno mchezo, yatupasa tuulize kama tumeyakubali na masharti yake.

Masharti ya urithi yanajulikana katika pwani yetu tangu zamani. Mtu akifariki, mali yake haigawanywi pale pale. Kwanza hutolewa gharama za maziko. Pili hulipwa madeni ya marehemu. Tatu hutimizwa wasia wake, nao haupiti theluthi moja ya mali iliyosalia. Ndipo warithi wanyooshe mikono. Mrithi alaye kabla ya mdai kulipwa hali mali ya baba yake. Hula mali ya watu. Katika insha hii nataka kuitumia kanuni hii katika jambo ambalo si la kadhi wala la mahakama, nalo ni ziara ya mtu aendaye kisiwani Mombasa kutazama mabaki ya vita na ya reli. Nauliza: je, mtazamaji anadaiwa? Na kama anadaiwa, mdai wake ni nani, na deni lake hulipwa kwa sarafu gani?

Mombasa yafaa kwa mfano kwa sababu kisiwa hiki ni kidogo na mambo yake ni makubwa. Upande wa mashariki, penye mlango wa bandari ya kale, ipo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia. Upande wa magharibi ipo Kilindini, na katika kisiwa hiki ndipo kazi ya kuijenga Reli ya Uganda ilipoanzia mwaka 1896. Kati ya pande hizi mbili, kwa mwendo ambao mtu mzima huumaliza kwa miguu asubuhi kabla ya jua kuwa kali, zimelala karne tatu za amri na utii.

Tuanze na ngome. Juu ya lango lake pana jiwe lenye maandishi ya Kireno. Jiwe hilo lamtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapiteni wa ngome mwaka 1635. Lasema kwamba umri wake ulikuwa miaka 27. Lasema kwamba aliitengeneza ngome upya, akaitiisha pwani iliyokuwa imeasi, akaiadhibu miji ya Pate na Siyu, na kuwaua wakubwa wa Pemba. Uasi wenyewe ulikuwa umeanza mwaka 1631, wakati Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza jina la Jerónimo, alipomwua kapiteni wa wakati ule na kuitwaa ngome. Hayo yote ni historia. Linalonishughulisha ni kwamba jiwe lile lilipata nafasi ya kuutaja umri wa kapiteni, lakini halikupata nafasi ya kumtaja mchonga mawe, mchoma chokaa wala mbeba matumbawe.

Wakati mmoja niliwaongoza wanafunzi katika ziara ya namna hii. Mmoja wao, kijana asiyependa maneno mengi, alimwuliza kiongozi wetu ni nani aliyelikata jiwe la lango. Kiongozi alikuwa mtu wa elimu na adabu. Alimjibu, "Mwanangu, hayo hayakuandikwa." Wenzake walicheka kidogo, maana walidhani ni swali la utoto. Kwa maoni yangu lilikuwa ndilo swali kubwa la siku ile, na jibu lake lilikuwa la kweli. Hayakuandikwa. Lakini jambo lisiloandikwa si jambo lisilotendeka.

Mtu aweza kusema kwamba zama zile zilikuwa hivyo, na kwamba wanyonge wote walisahauliwa sawasawa. Si kweli kabisa. Ndani ya ngome ile ile imehifadhiwa michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliokaa humo: merikebu zao na sura za watu, zimechorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Waliochora hawakuwa makapiteni wala magavana. Yamkini walikuwa mabaharia na askari wa kawaida, waliochoka na joto na kuwakumbuka watu wao. Hata mnyonge wa upande wa wenye ngome alipata ukuta wa kuacha alama yake. Aliyeujenga ukuta hakupata.

Hali kadhalika katika vita. Mwezi Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome, wakaitwaa mwezi Desemba 1698, baada ya miezi 33. Vitabu huyaita mapigano hayo mazingiwa ya Wareno. Lakini waliozingirwa hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo watu wa Faza pamoja na Bwana Daud wao, walikuwamo wanawake na watoto, walikuwamo na watumwa, na maradhi hayakumwuliza mtu taifa lake. Baadaye, kuanzia mwaka 1895 hadi mwaka 1958, Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Basi pale ambapo mtu alihesabu miaka akingoja mlango ufunguliwe, leo mtu hulipa kiingilio, akakaa saa moja, akatoka.

Tutoke nasi, twende upande wa reli. Kabla ya reli kubwa Mombasa ilipata reli ndogo. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala sehemu hizi, Imperial British East Africa Company, ilianza kutandika reli nyembamba ya kwenda bara. Ilifika maili chache tu, mradi ukafa. Vyuma vyake vikatandikwa tena katika njia za kisiwa, na juu yake vikawekwa vigari vyenye viti na paa la kivuli. Vigari hivyo havikuwa na injini. Vilisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake, na aliyekaa kitini alifikishwa ofisini, bandarini au kilabuni bila ya kukanyaga mchanga.

Naona kwamba kigari kile kilikuwa na ukweli ambao gari la moshi halina. Katika gari la moshi abiria husikia mlio wa chuma, akaona mvuke, akasema kwamba injini inamchukua. Katika kigari abiria alisikia pumzi ya mtu. Hakuweza kudanganyika juu ya nguvu iliyompeleka. Reli kubwa nayo ilisukumwa na watu, ila wasukumaji wake walisukuma kabla ya abiria kupanda.

Watu hao walikuwa nani? Kwa sehemu moja jibu lipo, tena kwa tarakimu kamili. Kutoka Bara Hindi waliletwa wafanya kazi 31,983. Katika hao 2,493 walikufa. 6,454 walirudishwa kwa ugonjwa na ulemavu. 16,312 walirejea makwao. Na 6,724 walibaki katika nchi hii. Kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwezi Desemba 1901, ni maili kama 580. Ukiwagawanya wafu kwa maili utapata zaidi ya wanne kwa kila maili moja. Msafiri aliyekwenda kwa reli hiyo hadi ziwani alipita juu ya hesabu hiyo.

Sasa tuwaulize Waafrika waliofyeka pori, waliochukua maji na vyakula, na waliochimba udongo. Hapo tarakimu hunyamaza. Mfano wa kunyamaza huko ni habari mashuhuri ya simba wa Tsavo, walioua watu wa reli mwaka 1898. John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua simba wale, alieleza katika kitabu chake kwamba Wahindi walioliwa walikuwa 28, na kwamba juu ya hao waliliwa Waafrika wengi ambao serikali haikuweka hesabu yao. Simba wenyewe walihifadhiwa. Ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho ya Chicago, nao wamesimama huko hata leo, kila mmoja na maelezo yake. Kwa hiyo katika habari hii mnyama aliyeua ana kumbukumbu, na baadhi ya waliouawa hawana hata namba.

Kwa nini wengine walihesabiwa na wengine hawakuhesabiwa? Si kwa sababu mhesabu alikuwa na huruma kwa Mhindi. Mhindi alikuja kwa mkataba. Palikuwa na karatasi yenye jina lake, na palikuwa na serikali ng'ambo ya bahari iliyoweza kuuliza habari zake. Hili ni fundisho kali: mtu huhesabiwa pale ambapo yuko wa kumwuliza. Asiyekuwa na mwulizaji hufa mara mbili, mara moja katika mwili na mara moja katika daftari.

Jambo hilo hilo lilirudi katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilivyopigwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi mwaka 1918. Jeshi halikuweza kwenda bila ya wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na barabara zilikuwa chache. Katika njia kuu ya Mombasa pamesimama ukumbusho wa miaka ya 1920 wenye sanamu za shaba, na maandishi yake yanawasifu wapagazi kwa kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa nzuri. Lakini tazama jinsi ilivyojengwa: jeshi lina miguu na mikono, na miguu na mikono haina majina. Askari wa Kizungu aliyekufa katika vita hivyo alichongewa jina lake. Mwafrika alichongewa umbo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi Aprili wa mwaka huo. Walipewa karibu karne moja ya usahaulifu, kisha wakaombwa radhi katika siku moja.

Hayo ndiyo madeni ya mali tuliyorithi. Wapo watakaoyakataa, nami napenda kuzisikiliza hoja zao.

Hoja ya kwanza yasema: mdaiwa si sisi. Mreno aliondoka, Mwingereza naye aliondoka. Basi waulizwe wao. Hoja hii ina haki ndani yake, wala sitaki kuwapunguzia wale mzigo wao. Lakini kanuni ya urithi yatoa jibu lililo la uadilifu. Mrithi halipi deni la marehemu kutoka mfukoni mwake. Deni hulipwa kutoka katika mali iliyoachwa. Aishikaye mali ndiye aufunguaye mkono. Ngome i mikononi mwetu, stesheni zi mikononi mwetu, na viingilio vyake twavipokea sisi. Hatukulifanya deni, lakini mali iliyolibeba imo chumbani mwetu.

Hoja ya pili yasema: mtu husafiri ili apumzike. Kisiwa kina upepo mwema, bahari yake ni ya kupendeza, na kazi ya mawe na chuma ni nzuri kwa macho. Je, tumkataze mgeni asifurahi mpaka ahesabu maiti? La. Furaha si dhambi. Tena yapo maonevu katika kuwakumbuka wajenzi kwa mateso yao tu, kana kwamba hawakuwa na ufundi. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka 400 mbele ya chumvi na mizinga haukujengwa na machozi. Ulijengwa na watu waliojua chokaa, waliojua jiwe, na waliojua bahari. Kuwahurumia pasipo kuwasifu ni kuwadhulumu upya. Aangaliaye vizuri hutenga mambo mawili: sifa ya kazi ni ya mkono ulioitenda, na lawama ya dhuluma ni ya kinywa kilichoiamuru. Akitenga hivyo, aweza kufurahi kwa dhamiri safi, na furaha yake itamwendea anayestahili.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi, nayo hutoka ndani ya nyumba yetu. Yasema: mkianza kufungua madaftari, jihadharini, maana mtakuta majina ya babu zenu katika upande wa wadaiwa. Ni kweli. Pwani hii iliishi na utumwa muda mrefu, na kisheria utumwa ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, miaka sita baada ya reli kufika ziwani. Katika misafara ya karne ya kumi na tisa walikuwamo wapagazi waliokuwa watumwa wa kukodishwa. Mzigo ulikaa kichwani mwao, na sehemu ya ujira ilikaa mfukoni mwa bwana zao. Twaipenda sana hesabu inayomkamata mgeni, na huiogopa ile inayotukamata wenyewe. Lakini deni halina kabila wala dini. Asemaye kwamba Mreno aandikwe na Mwarabu afichwe, au Mwingereza atajwe na Mswahili astiriwe, hataki haki. Ataka kisasi kilichovaa nguo ya haki. Katika urithi huu sisi ni warithi na wadai na wadaiwa kwa pamoja, na pengine damu zote tatu zimo katika mwili wa mtu mmoja. Ndiyo sababu hatuna budi kuwa wakweli: hakuna mtu wa kumtupia daftari akatuacha tumetakata.

Basi deni hulipwa kwa nini? Wafu hawahitaji fedha. Naona sarafu tatu.

Sarafu ya kwanza ni jina, pale linapopatikana. Daftari za zamani za majeshi na za makampuni hazikuteketea zote, na baadhi ya majina yaliyodhaniwa kwamba yamepotea yameanza kusomwa tena. Hii ni kazi ya wanachuoni, nayo ni kazi ya ibada kuliko ya sifa.

Sarafu ya pili ni hesabu, pale jina lilipokosekana. Na pale ambapo hata hesabu haikuwekwa, iandikwe wazi, katika ubao ule ule unaomtaja kapiteni, kwamba walikuwako wengine na hawakuhesabiwa. Nafasi tupu iliyokiriwa ni bora kuliko ukuta uliojaa majina ya upande mmoja. Kukiri kwamba hakuna hesabu ni hesabu ya aina yake.

Sarafu ya tatu ni swali, nayo ni ya kila mtazamaji, hata asiyejua kusoma Kireno wala kuingia katika nyaraka. Nimesema kwamba mtu huhesabiwa pale ambapo yuko wa kumwuliza. Wale hawakuwa na mwulizaji katika maisha yao. Sisi twaweza kuwa waulizaji wao. Mwanafunzi asimamaye langoni akauliza nani aliyelikata jiwe amelipa sehemu ya deni, hata asipojibiwa, maana amekifanya kile ambacho serikali za zamani hazikukifanya.

Wala jambo hili haliwezi kungoja sana. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli mpya ilianza safari zake kati ya Nairobi na Miritini, nje ya kisiwa, na reli ya zamani ikaingia katika uzee wake. Mali ya marehemu sasa imo katika kugawanywa: stesheni gani itunzwe, injini gani ipakwe rangi, chuma kipi kiuzwe kwa uzito. Huo ndio wakati ambao wadai husimama mlangoni. Urithi ukishagawanywa, mdai aliyechelewa huambiwa kwamba hapana kitu, na mara nyingi aambiwavyo ni kweli.

Huko Dar es Salaam na Nairobi maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa kila siku katika Kariakoo na Kariokor, mahali palipopata majina yake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Wanunuzi wengi hawajui. Jina limebaki midomoni, maana yake imetoka. Hivi ndivyo urithi uliwavyo bila kulipiwa deni: si kwa ubaya wa moyo, bali kwa wepesi wa kupita. Ubaya wa moyo ni wa wachache, na huonekana. Wepesi wa kupita ni wa wengi, nao hauonekani.

Atakayekwenda kisiwani Mombasa na aende kwa furaha. Na aitazame ngome, aupapase ukuta wake, aziangalie reli zinavyokivuka kisiwa na kuelekea bara. Lakini na ajue kwamba amealikwa katika nyumba yenye matanga. Mgeni mwenye adabu akiingia nyumba ya namna hiyo hutoa pole kwanza, akamwuliza aliyefiwa habari za marehemu, ndipo akakaribia chakula.